Shamba Moja, Mavuno Matatu: Jinsi ya Kuchanganya Muhogo, Mahindi na Maharage kwenye Vilima vya Bukavu

Mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikishaanguka, panda gari la kwenda Katana asubuhi ya Jumamosi. Kushoto na kulia kwa barabara utawaona akina mama wameinama, beseni kando yao, na ndani ya beseni maharage, mahindi na mbegu chache za boga vimechanganyika. Jembe likifungua shimo, kinachotoka mkononi ndicho kinachoingia. Bibi yangu alipanda hivyo na tulishiba. Ila shamba la bibi lilikuwa kubwa, na kila baada ya miaka michache lilipumzishwa. La kwangu ni ari nane (kila ari ni mita 10 kwa 10), na tangu nilipolirithi halijapumzika hata msimu mmoja.

Nimewahi kuambiwa na agronomu, mtaalamu wa kilimo, kwamba kuchanganya mazao ni uzembe, kila zao lipewe shamba lake. Shamba hilo litoke wapi? Hapa kwetu vilima vimejaa watu mpaka kwenye kingo za mito. Tutaendelea kuchanganya. Ninachopinga ni kuchanganya mimea inayotaka jua lile lile, kwa kimo kile kile, kwa wakati ule ule. Ukishajua nani anaingia lini na nani anatoka lini, kazi inayobaki ni kamba, vigingi na jasho.

Anza na karatasi kabla ya jembe

Kwetu mvua inanyesha karibu miezi tisa, Septemba hadi Mei, halafu kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Msimu A unafunguka katikati ya Septemba. Msimu B unaanza mwishoni mwa Februari au Machi. Msimu C ni wa mabondeni tu, ambako maji yanabaki wakati vilima vimekauka. Hapo mboga na maharage vinapandwa kiangazi, na sitaugusa zaidi katika mwongozo huu.

Chora visanduku 18 kwenye karatasi, kila kimoja mwezi mmoja, cha kwanza kikiwa Septemba. Sasa chora umri wa kila zao. Maharage mafupi: visanduku vitatu. Maharage yanayopanda mtini, yale tunayoita volubili: vitatu na nusu hadi vinne. Mahindi: vinne hadi vitano, maana Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari na baridi inachelewesha kila kitu. Soya: karibu vinne. Muhogo: kumi na viwili hadi vyote 18.

Itazame karatasi hiyo vizuri. Muhogo, katika miezi mitatu ya kwanza, ni mti mdogo unaotazama tu. Hauna kivuli wala mizizi ya kufika mbali. Miezi hiyo mitatu ni umri mzima wa maharage mafupi. Maharage yanaingia, yanazaa na kuondoka kabla muhogo haujafungua mwavuli wake. Mahindi na muhogo hawaelewani hivyo: mahindi yanarefuka haraka kuliko wote, na muhogo unakua kwenye giza. Ukitaka mahindi kwenye muhogo, yawe mashina ya kuhesabu, mbali mbali, ya kuchoma na kula na watoto. Usitegemee kujaza gunia.

Pima mteremko

Mistari yote ipite kukata mteremko. Ikifuata mteremko, mvua ya Novemba inaifanya mifereji na udongo wako unakwenda kunenepesha bonde la jirani.

Macho yanadanganya kwenye kilima. Tengeneza kipimo cha herufi A: vijiti viwili vya mita mbili vilivyofungwa kwa juu, kingine kimefungwa kwa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Kisimamishe, miguu kwenye alama mbili ardhini, uweke alama pale kamba inapokata kile kijiti cha kukingama. Geuza, mguu wa kulia uje mahali pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Sasa tembea nacho toka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Kila kamba inapotulia katikati, piga kigingi. Mstari wa vigingi utapinda kama nyoka. Uache upinde.

Juu ya mstari huo panda majani ya mifugo, setaria au tripsakamu. Kwenye mteremko wa kawaida mimi nimeacha kama mita kumi kati ya mstari mmoja wa majani na mwingine, na sehemu kali nimeisogeza karibu zaidi. Mbuzi anakula, udongo unabaki.

Udongo: tumia kilicho kando ya barabara

Kuna tofauti kubwa kati ya Kabare upande wa Ziwa Kivu, ambako udongo una asili ya volkano, na udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Walungu, uliochoka na wenye asidi. Kwenye wekundu ule, maharage yanaota vizuri, yanafika kiganja kimoja, halafu yanakuwa ya manjano na kukaa hapo hapo. Watu wanalaumu mbegu, kumbe ni udongo.

Fanya mambo mawili ya bure kwanza. Majivu ya jikoni, yaliyokaa pakavu bila kunyeshewa, yanapunguza asidi. Yatawanye na kuchanganya na udongo wakati wa kulima. La pili ni tithonia, ule mti wa maua ya manjano yanayofanana na alizeti uliojaa kwenye kingo za njia na nyua. Majani yake yana naitrojeni nyingi pamoja na fosforasi na potasiamu, na yanaoza upesi. Yakate mabichi, yakatekate, yafukie wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Mzigo mmoja wa kichwani haufiki mbali, hivyo weka kwenye mistari tu badala ya kutawanya shamba zima.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi iwe imeoza. Ukiishika inuke udongo, isinuke zizi.

Muhogo na maharage, kwa hesabu ya ari moja

Hapa nitakaa, kwa sababu huu ndio mchanganyiko unaolipa zaidi kwenye mwinuko wetu.

Desturi ni kupanda muhogo mita moja kwa mita moja. Badilisha: mita mbili kati ya mstari na mstari, nusu mita kati ya shina na shina. Idadi ya mashina haipungui hata moja. Bado ni shina moja kwa kila mita ya mraba. Ulichofanya ni kuwasogeza wakae kwenye foleni, ukapata njia pana yenye jua. Watafiti waliojaribu mpangilio huu pamoja na wakulima wa Kivu Kusini walichapisha matokeo mwaka 2011: mavuno ya muhogo hayakushuka, na njia ile pana iliruhusu kupanda maharage mara ya pili, msimu B, ndani ya muhogo ule ule. Kwa mita moja kwa mita moja, msimu B tayari ni giza.

Siku nilipovuta kamba yangu ya kwanza, mama jirani alisimama na ndoo yake kichwani akauliza, "Papa, unapanda mihogo ao unafungua barabara ya gari?" Mwezi wa tatu alikuja kuazima kamba.

Ari moja ni mita 10 kwa 10. Mstari wa kwanza wa muhogo uwe mita moja kutoka ukingoni, kisha mita ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa. Mistari mitano. Kwenye kila mstari shina la kwanza liwe sentimita 25 kutoka mwisho wa kamba, halafu kila nusu mita. Mashina 20 kwa mstari, 100 kwa ari.

Vipando vyake: kata kwenye mti uliokomaa, wenye mwaka au karibu, ukichukua sehemu ya katikati ya shina. Ncha ni laini mno, na kitako ni kigumu mno. Urefu sentimita 20 hadi 25, macho matano hadi saba. Mti ambao majani yake yana mabaka ya manjano na kujikunja una batobato. Usiuchukue hata kama ni wa bure, hata kama anayekupa ni mkwe wako. Na kwa kuwa kuna ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao majani yanaweza kuuficha, omba ung'oe mti mmoja na kupasua muhogo wake. Ukiona madoa ya kahawia makavu ndani, shukuru na uondoke. Kituo cha utafiti cha INERA kule Mulungu ni mahali pazuri pa kuulizia vipando vya aina zinazostahimili. Chimbia kipando kwa kukilaza mshazari, theluthi mbili ndani ya udongo, macho yakitazama juu. Wengi wanageuza bila kujua.

Maharage yapandwe wiki ile ile. Kati ya mistari miwili ya muhogo vuta mistari minne ya maharage, kila mmoja sentimita 40 kutoka kwa mwenzake na kutoka kwa muhogo. Pembeni, kwenye ile mita moja iliyobaki, weka miwili. Hesabu: njia nne zenye mistari minne, na pande mbili za pembeni zenye miwili, jumla mistari 20 ya mita kumi. Mbegu moja kila sentimita 10, kina cha vidole viwili. Ni kama mbegu 2000. Kwa maharage ya punje kubwa hiyo ni karibu kilo moja. Kwa madogo, nusu yake. Ukinunua soko la Kadutu kwa ajili ya mbegu, nunua ya mavuno mapya, chambua moja moja, ondoa iliyotobolewa na iliyokunjamana. Kazi hiyo wape watoto jioni.

Ukiwa na pesa ya mbolea ya dukani, NPK 17-17-17 kilo moja kwa ari inatosha. Igawe mafungu 20 sawa, kila fungu mstari mmoja wa maharage. Nyunyiza kwenye mfereji, funika kwa udongo kidogo, ndipo mbegu. Mbegu ikigusa mbolea inaungua, na utamlaumu muuzaji bure. Bila pesa, weka konzi moja ya samadi kila hatua moja ya mguu, juu ya tithonia uliyokwisha kufukia.

Usitumie volubili hapa. Itaupanda muhogo mchanga na kuulaza chini.

Wakati wa maua, ng'oa shina moja

Maharage yakianza kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu kwa jembe. Kwenye mizizi utaona vinundu kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu kidogo ndani, bakteria wako kazini, wanavuta naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kitu. Kama hakuna vinundu kabisa, mara nyingi ni asidi au ukosefu wa fosforasi.

Ila tusiyasifie maharage kupita kiasi. Kati ya mazao yote ya jamii ya kunde, hili ni mvivu. Soya inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na naitrojeni yenyewe, nyingi inaishia kwenye punje, na punje zinaishia kwenye sufuria. Kinachobaki kwa ajili ya muhogo ni mizizi, majani na maganda. Nasi tunafanya nini? Tunang'oa shina zima, tunalibeba mpaka uani, tunapiga fimbo, makapi yanachomwa. Kata shina kwa chini, mizizi ibaki udongoni. Makapi ukishapiga yarudishe shambani, uyatandaze chini ya muhogo. Ni mzigo mwepesi, na njia ya kwenda shambani unaipita kila siku.

Msimu B ndani ya muhogo

Februari mwishoni, muhogo una miezi mitano. Palilia njia, ondoa magugu yote, halafu simama katikati saa sita mchana. Jua likigusa ardhi kwa upana wa hatua mbili, panda tena mistari minne. Matawi yakiwa yameinama ndani, panda miwili ya katikati tu. Mavuno yatakuwa chini ya yale ya msimu A, jipange hivyo. Baada ya hapo acha. Kuanzia Juni shamba ni la muhogo peke yake.

Mahindi na maharage

Mpangilio ulioendelezwa magharibi mwa Kenya unaitwa MBILI, na jina lake linaeleza: mistari miwili ya mahindi, miwili ya zao la jamii ya kunde. Mahindi mawili yakaribiane, sentimita 50. Kisha acha mita nzima. Ndani ya mita hiyo weka mistari miwili ya maharage mafupi au soya, sentimita 33 kati yao na 33 kutoka kwa mahindi. Mahindi kwenye mstari sentimita 30, mmea mmoja mmoja. Idadi ya mahindi ni ile ile ya kupanda kwa sentimita 75, ila maharage yamepata dirisha. Yote siku moja.

Volubili nayo inapendana na mahindi, hasa ukipanda juu kidogo kuliko mjini, kwa sharti moja nililojifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilivipanda siku moja. Maharage yalikimbia, yakayakamata mahindi yakiwa bado membamba, upepo wa ziwani ukaja, na asubuhi shamba zima lilikuwa limeinama kama watu waliotoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Subiri wiki mbili hadi tatu, mahindi yafikishe majani matano, ndipo uweke volubili kando ya shina. Na chagua mahindi ya shina nene. Kama huna, tafuta vijiti vya mita mbili na uache mahindi yapumue.

Angalia moyo wa mahindi kila wiki. Ukiona majani yenye matundu na uchafu kama unga wa msumeno, ni viwavijeshi vamizi. Waue kwa mkono wangali wadogo, na utie majivu kidogo au mchanga mkavu ndani ya moyo. Wakishakuwa wakubwa wamejificha chini humo, hutawapata.

Chini ya migomba

Maharage yanavumilia kivuli chepesi cha migomba iliyopunguzwa majani, na kahawa pia inakaa vizuri hapo. Lakini kuna hatari inayosahaulika. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Kongo kwa mara ya kwanza Masisi mwaka 2001, unasafiri kwenye vyuma vyetu. Jembe linalopalilia maharage likikata mizizi ya mgomba mgonjwa, litaupeleka kwa mzima. Kuzunguka shina la mgomba palilia kwa mkono, usipande chochote kwa hatua moja, na panga au jembe lililogusa mgomba unaoshukiwa lipitishe motoni. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, bila kisu.

Wasiokaa pamoja

Viazi vitamu na muhogo: vyote vinataka kuchimbwa, na anayechimba kimoja anajeruhi kingine. Nyanya na viazi mviringo ni ndugu wa ugonjwa mmoja, ule ukungu unaounguza majani wakati wa mvua. Boga moja pembeni ni mboga ya majani. Maboga kumi ni blanketi.

Sombe na majani ya maharage

Shamba la mchanganyiko linachumwa kila siku, na hapo ndipo linapoibiwa kimya kimya na mwenyewe. Muhogo ukikwanyuliwa majani kila wiki, hautoi muhogo wa maana chini. Chagua mstari mmoja, ule wa karibu na njia, useme huu ni wa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mingine isiguswe mpaka ikomae, na hata hapo chukua ncha tu. Maharage nayo, jani moja kwa shina kwa wiki, na uache kabisa yakianza maua. Mama mkwe wangu hakukubali sheria hii mpaka nilipompimia mihogo ya mistari miwili mbele yake.

Kupalilia ni mara mbili: wiki ya tatu, na kabla ya maua kidogo. Usiingie shambani majani ya maharage yakiwa na umande. Unabeba magonjwa kwenye nguo toka mstari hadi mstari.

Pima kama inalipa

Acha vipande viwili vidogo nje ya mchanganyiko, kimoja mahindi tupu, kimoja maharage tupu, vyenye ukubwa sawa na kipande kimoja cha mchanganyiko utakachokipima. Pima vyote kwa kopo lile lile. Tuseme mahindi peke yake yametoa makopo 20, na ndani ya mchanganyiko 16: hiyo ni 0.8. Maharage peke yake makopo 8, kwenye mchanganyiko 4: hiyo ni 0.5. Jumla 1.3. Maana yake, ili upate chakula hicho hicho kwa kutenganisha, ungehitaji ari 1.3 badala ya moja. Jumla ikishuka chini ya 1, mazao yako yanagombana. Tazama nafasi, au tarehe ulizopanda. Andika namba hizo kwenye ile karatasi yenye visanduku, maana msimu ujao hutazikumbuka.

Muhogo ukishang'olewa, usitupe mashina. Yachague yale ya miti isiyo na mabaka, yafunge mzigo, yasimamishe kivulini kitako kikigusa udongo wenye unyevu. Yatasubiri wiki kadhaa mpaka mvua za Septemba.